Nani Alitoa Amri? Riwaya ya Kusisimua na Misukosuko ya Katanga

Tarehe 13 Februari 1961, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, aliwaita waandishi wa habari mjini Elisabethville, leo Lubumbashi, akawasimulia hadithi. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, alisema, walitoroka shamba walikokuwa wamefungwa: walitoboa ukuta, wakawazidi nguvu walinzi, wakaondoka na gari, na mwishowe wanakijiji wakawakamata na kuwaua. Jina la kijiji hakutaka kulitaja, akidai anawakinga wakazi wake na kisasi, na faranga 400,000 za zawadi zingewafikia. Kila kinachohitajika katika riwaya ya kusisimua kilikuwemo humo, kuanzia tundu la ukutani na gari la wizi hadi kifo kisicho na shahidi. Lakini watu wale watatu walikuwa wamekwisha kufa tangu usiku wa 17 Januari. Walipigwa risasi porini nje ya mji, mbele ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, na baadhi ya mawaziri wake, na kikosi kilichokuwa chini ya maofisa wa Kibelgiji. Novemba mwaka huohuo, tume ya Umoja wa Mataifa iliandika kwamba masimulizi ya kutoroka yalikuwa ya kupangwa. Mtu anayetaka kuzungumzia riwaya za kusisimua zinazotokea katikati ya machafuko ya nchi, akiwa na Lubumbashi machoni, hana budi kuanzia kwenye mkutano ule wa waandishi, kwa sababu mtunzi wa kwanza wa aina hiyo ya hadithi hapa kwetu alikuwa serikali yenyewe.

Hilo linapindua mpangilio wote wa utanzu huu. Riwaya ya upelelezi tuliyoizoea hufungua kwa maiti, ikamleta mpelelezi, ikazungusha washukiwa, ikafunga kwa jina la muuaji. Katanga, jina la muuaji lilinong'onwa mitaani mapema sana. Kilichokosekana ni maiti. Gérard Soete, kamishna wa polisi wa Kibelgiji, alifukua miili ile, akaikatakata na kuiyeyusha kwa asidi, akabaki na meno. Mwaka 1978 alichapisha kwa Kiholanzi kitabu kiitwacho De Arena, ambamo mauaji hayo yamevishwa vazi la simulizi. Miaka 21 ilipita kabla ya kukiri mbele ya kamera, mwaka 1999, mwaka uleule ambao mtafiti Ludo De Witte alichapisha uchunguzi uliolilazimisha bunge la Ubelgiji kuunda tume. Juni 2022 jino moja lilirudishwa kwa familia mjini Brussels, likaletwa Kongo, likapitishwa Shilatembo mahali pa mauaji, na likazikwa Kinshasa tarehe 30. Fikiria maana yake: aliyefuta ushahidi ndiye aliyewatangulia wengi kuusimulia, tena kwa umbo la kibunifu. Mwandishi wa kwetu akija leo hakuti karatasi tupu. Anakuta hadithi za wenye nguvu zimekwisha kuandikwa, na kazi yake ni kuzibomoa amri kwa amri, mpaka afike kwa mtu aliyeamua.

Ninachodai ni hiki. Utanzu huu, ambao wahakiki wengi huuweka kwenye kapu la riwaya pendwa na kuupita, ndio unaoufaa zaidi mji kama Lubumbashi, na hasa komini kama Katuba, kwa sababu moja inayotokana na muundo wake. Riwaya ya kusisimua humtafuta mtu. Inauliza nani alitoa amri, nani aliibeba, nani alilipwa, nani alinyamaza akijua. Siasa ya Katanga kwa zaidi ya miaka 60 imewafundisha watu kutafuta kabila. Haya ni maswali mawili tofauti, na la pili limeua watu wengi.

Katuba inalijua jambo hili kuliko fasihi inavyolijua. Ni miongoni mwa komini za Waafrika zilizozunguka mji wa Wazungu katika miaka ya 1950, pamoja na Kenya, Ruashi na ile iliyoitwa Albert, ambayo leo ni Kamalondo. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imekusanya wafanyakazi kutoka mbali, Kasai ikiwa chimbuko mojawapo kubwa, na Katuba ikawa makao ya familia nyingi za Waluba wa Kasai. Uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957 uliwapa wageni wa jimbo viti vingi vya wakuu wa komini; Oktoba 1958 chama cha CONAKAT kikazaliwa, kikijinadi kuwa sauti ya wenyeji. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kujitenga. Kufikia Agosti na Septemba 1961, makumi ya maelfu ya Waluba walikuwa wamezihama nyumba zao wakakimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa pembezoni mwa mji. Mwaka uliofuata wengi wao walisafirishwa kwenda Kasai. Katika mfululizo huu kila hatua ilikuwa na watu walioipanga, wenye ofisi na mihuri. Lakini kilichobaki vinywani mwa watu ni «wao» na «sisi».

Sasa tazama jinsi dunia ilivyouandika mkasa huu. Wilbur Smith, mzaliwa wa Rhodesia ya Kaskazini jirani yetu, alichapisha The Dark of the Sun mwaka 1965. Bruce Curry na mamluki wake wanapanda treni kutoka Elisabethville kwenda kuwaokoa Wazungu waliozingirwa katika mji wa mbali, na kuna almasi za kuchukua pia. Filamu yake ya mwaka 1968 ilipigwa Jamaica, jambo linalosema mengi kuhusu uzito wa mahali penyewe katika hadithi. Mwandishi ana ufundi. Huwezi kulikataa hilo. Anajua kukaza kamba, anajua lini daraja livunjwe na lini mtu asaliti. Tatizo ni swali linaloendesha kurasa: je, mamluki watatoka salama? Swali likishakuwa hilo, Waafrika wote wanagawanyika mafungu mawili, wanaopiga risasi na wanaopigwa, na hakuna hata mmoja ambaye msomaji anasubiri kujua hatima yake. Mamluki wa kweli walilipwa na serikali ya Tshombe, na fedha za serikali ile zilitoka kwa sehemu kubwa katika kodi za Union Minière. Hapo ndipo palipo fumbo linalostahili riwaya. Smith analiacha nyuma ya treni.

Na treni yenyewe ina historia nyingine huku. Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Kitaifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mwana wa Katanga. Mashambulizi dhidi ya Wakasai yakaanza Likasi, yakaenea hadi Kolwezi mwaka uliofuata. Gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, ambaye hotuba zake ziliwaita Wakasai bilulu, wadudu. Vijana wa chama cha UFERI walipita nyumba kwa nyumba. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Watu walilala kwenye stesheni kwa wiki na miezi wakisubiri treni ya kwenda Mwene-Ditu, na wengi, hasa watoto, walikufa kwa njaa na magonjwa wakiwa palepale relini au ndani ya mabehewa. Lubumbashi haikufikia ukali wa Likasi na Kolwezi, lakini Katuba iliishi miezi ile ikisikiliza kila habari inayofika na treni. Katika riwaya ya Smith treni inakwenda kuokoa, na mashaka ni kama itafika. Mwaka 1992 treni ilikuwa chombo cha kufukuzia, na mashaka yalikuwa mengine kabisa: nani anaandika orodha, nani anajua wewe ni wa wapi, jirani aliyeoa kwenu atasimama upande gani, na ukiondoka nani ataingia nyumbani mwako. Hakuna sababu ya kifundi inayozuia maswali haya kusukuma kurasa 300. Yanasisimua kwa namna ya kutisha zaidi, kwa kuwa hatari inakuja na uso unaoufahamu.

John le Carré alilikaribia jambo hili kwa akili zaidi. Katika The Mission Song, ya mwaka 2006, shujaa ni mkalimani, mtoto wa mmisionari wa Kiairish na mama Mkongomani, anayepelekwa kutafsiri kikao cha siri ambamo wafadhili wa Ulaya na wakubwa wa Kivu wanapanga mapinduzi. Silaha yake ni masikio. Anasikia Kiswahili, na pia lugha nyingine ambazo wajumbe wa kikao hawakujua anazielewa, na hatari inazaliwa hapo. Riwaya hiyo inaonyesha kwamba msisimko unaweza kutoka chumbani, kwenye meza yenye hati na kalamu, na kwamba vita vya Kongo vina watia saini. Hata hivyo kitovu chake kimebaki London na dhamiri ya shujaa anayeishi huko. Bukavu, mji wa Kivu, inasubiri nje ya jukwaa.

Waandishi wa kwetu wamekwenda mbali zaidi, ingawa ni mara chache wanatajwa katika mazungumzo ya utanzu huu. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, aliandika Le Bel immonde mwaka 1976. Waziri wa Kinshasa katika miaka ya uasi ya 1960 anampenda mwanamke wa baa, naye mwanamke ni mtoto wa mwasi aliyeuawa, na ndugu zake wanamtaka awapenyezee siri za serikali. Mifupa yote ya riwaya ya kijasusi imo, lakini Mudimbe haiandiki ili tujue nani atashinda. Anaiandika ili tuone jinsi mapenzi, woga na tamaa ya cheo vinavyomfanya mtu ageuke mikononi mwake mwenyewe. Katika Shaba deux, ya mwaka 1989, vita vya Kolwezi vya Mei 1978 tunavisoma kupitia daftari la mtawa, siku hadi siku, bila kujua kesho nani ataushika mji. Umbo la daftari lina maana hapa: mwenye kuandika hajui mwisho, na msomaji anayejua historia anateseka kwa kujua. Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1981, katika La Danse du Vilain ya mwaka 2020 anawaweka watoto wa mitaani wa mji huu katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mobutu, na miongoni mwa wanaowazungukia yumo mtu wa usalama anayewatumia kama masikio yake. Huo ni ugunduzi mkubwa wa kisanaa. Dola ya ukandamizaji haianzii kwa jenerali; inaanzia kwa mtoto mwenye njaa anayelipwa kusikiliza.

Riwaya hizi za kwetu zimeandikwa kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili, riwaya ya kusisimua ilikomaa Tanzania, na Kongo ilikuwemo ndani yake mapema. Elvis Musiba, baada ya Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alimtuma mpelelezi wake Willy Gamba hadi Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi, kuchunguza mauaji ya wapigania uhuru. Riwaya hizo zilisomwa kwa shauku kubwa, na kwa haki. Lakini ubaya ndani yake unatoka nje: Makaburu na mawakala wao. Mwafrika mwovu ni aliyenunuliwa. Kwa Tanzania iliyokuwa kitovu cha vyama vya ukombozi mtazamo huo ulieleweka. Kwa Zaire, Kongo ya enzi za Mobutu, hautoshi, kwa sababu muuaji wa huko alikuwa na gwaride la taifa na picha ukutani. Aliyeivuka hatua hiyo kwa Kiswahili ni Adam Shafi. Haini, ya mwaka 2003, inatokea Zanzibar baada ya kuuawa kwa kiongozi wa nchi, tukio linalotukumbusha risasi zilizomuua Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe alionja kizuizi cha zama zile. Msisimko wote umo katika chumba cha mahojiano. Mashaka yetu ni kama mtu atavunjika akubali kosa aliloandikiwa na wengine. Shafi amethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba dola inayotunga kesi, kikamshika msomaji hadi mwisho bila mpelelezi hodari wala bastola.

Kuna watakaosema kwamba kugeuza damu ya watu kuwa burudani ni dhambi. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, maana jamaa wa waliokufa stesheni ya Likasi wangali hai. Lakini linadhani kwamba masimulizi mengine hayana burudani, na kwamba msisimko ni sukari tu. Chukua usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Umeme ulikatwa. Watu waliofunika nyuso wakaingia mabwenini, na kulikuwa na neno la siri ambalo asiyelijua hakuponea. Serikali ilikiri mtu mmoja kufa. Wengine walitaja makumi, wengine mamia, na hadi leo hesabu haijafungwa. Gavana wa wakati huo, Koyagialo, alishitakiwa na kuhukumiwa. Ripoti zimeandikwa, ushirikiano wa Ubelgiji ulisimamishwa, lakini swali la nani hasa alikata umeme ule, kwa simu ya nani, halikumfikia kila aliyepaswa kulijibu. Ripoti humpa msomaji idadi. Riwaya ya kusisimua humweka gizani pamoja na mwanafunzi asiyejua neno la siri, kisha inamrudisha nyuma hadi kwenye swichi na mkono ulioigusa. Msisimko ukitumika hivyo ni njia ya kumlazimisha msomaji kuuliza swali ambalo amezoea kulipita. Unakuwa burudani ya aibu pale tu ambapo anayeteswa hana jina na anayetesa hana bosi.

Wengine, na hawa nawaheshimu zaidi, watasema heri kunyamaza. Wakasai na Wakatanga wanaishi tena pamoja Katuba, wameoana, wanasali kanisa moja. Kwa nini kufukua? Ningekubali kama ukimya ungekuwa umeponya. Ukimya wa baada ya kujitenga kumalizika mwaka 1963 haukuzuia 1992. Uliyaacha maneno ya zamani yakiwa mazima ghalani, tayari kuokotwa na mwanasiasa mwenye haja nayo. Ukimya huacha kabila zima likiwa mshukiwa, kwa sababu hakuna aliyetajwa. Riwaya inayofuata uzi wa amri humwondolea jirani mzigo huo. Itaonyesha gavana akichagua neno, mkuu wa vijana akigawa pesa, karani akinakili anwani, na pia Mkatanga aliyemficha mpangaji wake chumba cha nyuma. Nakiri utanzu huu una kasoro yake ya kuzaliwa: unapenda mno mkono wa siri. Kongo, ambako njama za kweli zilikuwepo, mwandishi hulewa kirahisi, akamtwisha Mbelgiji au Mmarekani kila kitu na kumwacha Munongo bila dhambi. Dawa yake ni ileile nidhamu ya utanzu wenyewe: kila amri ya kutoka nje ilipokewa na mtu wa ndani aliyeweza kukataa.

Anayesema kwamba Katuba hawasomi riwaya atakuwa na hoja kuhusu bei ya vitabu, siyo kuhusu hamu ya watu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji wa Elisabethville kwa macho ya watumishi wa nyumbani, kazi ambayo Johannes Fabian aliichapisha baadaye. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi picha baada ya picha, zaidi ya 100, akizieleza kwa Kiswahili, Lumumba akiwa kiini chake. Na sebule nyingi za Lubumbashi zilitundika picha za namna hiyo. Kundi la Mufwankolo lilijaza redio na televisheni kwa michezo ya Kiswahili ambamo watu walitambua chifu wao bila kutajwa. Hadhira ipo, na imezoea kusoma kilichofichwa. Sura za riwaya zinaweza kusomwa redioni jioni kabla hazijawa kitabu.

Nyenzo nazo zipo. Tangu mwaka 2000 mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi katika Chuo Kikuu, ambao mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ni mmoja wa nguzo zake, umekusanya sauti za wafanyakazi, wanawake na waliofukuzwa. Kifo cha Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, karibu na Ndola, usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba 1961, kimekuwa mikononi mwa mpelelezi wa Kiswahili wa kweli: Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, ambaye kwa niaba ya Umoja wa Mataifa ameendelea kuzibishia hodi nchi ambazo hazijafungua nyaraka zao zote. Kama jaji anaweza kuuliza miaka zaidi ya 50 baadaye nani alijua nini, mwandishi wa riwaya hana kisingizio.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa kujitenga sasa amevuka 80, na aliyepanda treni ya 1992 akiwa mama wa watoto wadogo ni bibi. Vijana wa Katuba mnaoandika, waendeeni wazee hao na daftari sasa. Waulizeni majina, tarehe na nani alisema nini mlangoni, kisha kaeni muandike riwaya hiyo kwa Kiswahili.